Shauri la Kijana Atakaye Kuwa Mwalimu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita, wazazi wao na walimu wao, katika mkutano wa shule wilayani.)



Mimi si mwalimu, wala sijidai kuwa mwalimu. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni karatasi: kuzipokea, kuzisoma, kuzipanga, na kuziweka mahali zitakapoonekana zikitafutwa. Lakini kwa sababu ya kazi hiyo hiyo nimeona jambo ambalo pengine mkufunzi wa chuo halioni, maana yeye humwona kijana aingiapo chuoni, nami humwona atokapo, akiwa na bahasha mkononi, anatafuta kazi. Katika bahasha ile mna miaka mitatu au minne ya maisha yake, mna fedha ya ng'ombe waliouzwa, na pengine mna shamba lililowekwa rehani. Na mara nyingi, ikiwa kuna kosa, kosa lenyewe halimo katika karatasi ya mwisho. Limo katika fomu ya kwanza, ile aliyoijaza siku moja kwa haraka, bila kumwuliza mtu.

Basi hilo ndilo nililokuja kulisema: anayetaka kuwa mwalimu na atafute shauri kabla hajaandika jina lake, wala asingoje mpaka mambo yamekwisha kuharibika.

Wengi hudhani ya kuwa shauri ni la mtu aliyeshindwa. Kijana akipata alama mbaya ndipo aitwe, aketishwe, aulizwe, Una nini wewe? Hiyo si desturi ya shauri, hiyo ni desturi ya hospitali. Mtu aendaye nchi asiyoijua huuliza njia angali nyumbani, kabla hajapotea porini. Katika vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vya siku hizi yuko mtu aliyewekwa makusudi kwa kazi hiyo, naye huitwa mshauri wa masomo. Pengine kazi hii huwa mikononi mwa mkufunzi mlezi au mkuu wa idara. Yeye humwonyesha mwanafunzi masomo yapi ni ya lazima, yapi ni ya hiari, lipi litangulie lipi, na yote hayo mwishowe yatampa ruhusa ya kumfundisha nani na kumfundisha nini. Walakini mtu huyu ana wanafunzi wengi mno, naye hawezi kumfuata kila mmoja mpaka bwenini. Asiyebisha hodi hukaa mpaka mwaka wa mwisho bila kujuana naye.

Wazee mliomo humu mwajua ya kuwa hati ya ualimu katika nchi yetu haikuwa kitu kimoja siku zote. Wamisioni wa UMCA walipokuwa na chuo chao pale Kiungani, Unguja, katika karne ya 19, wengi wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na baadhi yao ndio waliotumwa bara kuwa walimu. Chuo hicho kilihamia Minaki katika miaka ya 1920. Serikali ya Kijerumani nayo ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890, na shule ile ilitoa walimu na makarani pamoja, kwa hiyo mwaona kwamba sisi wa kalamu na wao wa chaki tu ndugu tangu zamani. Kisha mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, Kenya. Hii yanipendeza kuitaja, kwa kuwa mwalimu aliyetoka huko hakupewa darasa lake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuzizungukia shule ndogo ndogo za vijijini na kuwapa shauri walimu waliokuwamo. Watu wale wa zamani walikwisha kuona kwamba hata mwalimu huhitaji wa kumshauri.

Baada ya uhuru zikawako daraja zenye majina ya herufi. Mwalimu wa Daraja C alikuwa amemaliza shule ya msingi, na wa Daraja A alikuwa amemaliza kidato cha nne. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamuru watoto wote waingie shuleni kufikia mwaka 1977, walimu hawakutosha hata kidogo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, wakisoma huku wakifundisha. Mimi siwadharau watu wale, maana mmoja wao ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Lakini miaka ilipopita wakaambiwa ya kuwa daraja yao haitoshi tena, ikawapasa kurudi kwenye madaftari, wengine tayari wana wajukuu, wakisoma usiku kwa taa ya chemli ili wapate kidato cha nne na Daraja A.

Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi, jambo kama hilo likatokea tena. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache tu, wakapewa leseni, wakaingia darasani. Watu wakawaita Voda Fasta, kwa jina la vocha za simu, kwa sababu walipatikana upesi. Jina lile halikuwa la heshima. Waliofanya busara miongoni mwao ni wale waliojua tangu siku ya kwanza kwamba leseni si hati kamili, wakaenda vyuoni kuikamilisha.

Nalo la Dodoma halijasahauliwa. Tangu mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea vijana katika Stashahada Maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, wengi wao wakitoka kidato cha nne moja kwa moja, kwa kuwa nchi ilikuwa na haja kubwa ya walimu wa masomo hayo. Mwezi wa Mei 2016 wanafunzi hao, zaidi ya 7,000, walirudishwa makwao wote kwa mara moja. Kwanza ilisemwa kwamba walimu wao hawakuwa wakifundisha kwa sababu ya mambo ya malipo. Baadaye ikasemwa kwamba wengi hawakuwa na sifa za kuingia katika masomo yale. Karatasi zao zikachambuliwa moja moja. Wengine waliruhusiwa kuendelea, na wengi walipelekwa vyuo vya ualimu, na wengine wakaambiwa watafute masomo yanayolingana na alama zao.

Nataka mlitazame jambo hili kwa makini, wadogo zangu. Vijana wale hawakuiba nafasi. Waliitwa, wakaenda. Lakini siku ya kuchambuliwa, neno la kwamba mtu aliitwa halikumsaidia kitu. Kilichomsaidia ni alama zilizoandikwa katika cheti chake. Aliyekuwa na Fizikia na Hisabati zilizo safi alipata mahali pengine pa kuendelea. Aliyeingia kwa alama dhaifu akidhani mlango ukikwisha kufunguliwa haufungwi, alibaki na sanduku lake kituo cha basi. Kwa hiyo msiridhike kwa kuambiwa, Umechaguliwa. Ulizeni, Nimechaguliwa kwa sifa ipi? Na sifa hiyo, ikipimwa upya kesho, itasimama?

Sasa niseme juu ya milango iliyopo. Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi alipata Cheti cha Daraja la III A, akitoka kidato cha nne na kusoma miaka miwili. Kwa miaka ya karibuni vyuo vimetaka aliyefaulu Daraja la I hadi la III, yaani asiyepita pointi 25 katika masomo yake saba bora. Juu ya cheti iko stashahada, na juu ya stashahada iko shahada ya chuo kikuu. Na anayetaka kuingia chuo kikuu kutoka kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu masomo mawili makuu kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, tukihesabu A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Viwango hivi vimebadilika mara nyingi, nanyi mmekwisha kusikia habari za zamani. Kwa hiyo msifuate maneno ya kaka aliyeingia chuoni miaka mitano iliyopita. Kaka husema kweli, lakini ni kweli ya mwaka wake. Someni tangazo la mwaka wenu wenyewe, mstari kwa mstari, na msipofahamu neno mwulizeni mwalimu wenu wa taaluma.

Jambo lenye uzito kupita yote, nami nitakaa hapo kidogo, ni masomo mawili ya kufundishia.

Mwalimu wa sekondari huandaliwa kufundisha masomo mawili. Masomo hayo ndiyo jina lake la pili. Akiomba kazi haulizwi kwanza tabia yake wala uhodari wake wa kusema. Huulizwa, Wewe ni mwalimu wa nini? Naye hujibu, Historia na Jiografia; au, Fizikia na Hisabati; au, Kiswahili na Kiingereza. Jibu hilo halianzi chuo kikuu. Lilianza siku alipochagua tahasusi ya kidato cha tano, na kwa kweli lilianza kidato cha pili, siku ile aliposema, Mimi Fizikia basi, akaiacha. Aliyesoma HGL hawezi kuwa mwalimu wa Kemia hata akiomba kwa machozi. Na tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa nyingi mpya, kwa hiyo uchaguzi umekuwa mpana na mtu aweza kupotea kwa urahisi zaidi ya sisi tuliochagua katika chache.

Nimeona karatasi za kijana mmoja, jina lake si la kutajwa, mwenye akili na maandishi mazuri. Alipata shahada ya elimu ya jamii, akafaulu vizuri, kisha akataka kuwa mwalimu. Akaambiwa asome mwaka mwingine Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Hilo lingewezekana. Lakini alipoulizwa atafundisha somo lipi, akakuta ya kuwa somo alilobobea halimo katika ratiba ya shule za sekondari, na yale yaliyomo alikuwa ameyagusa kwa juu juu tu. Hakuna aliyemdanganya. Wala hakuna aliyemwambia. Mshauri wa masomo wa chuo chake alikuwa na ofisi, ina mlango, na juu ya mlango mna saa za kuonana na wanafunzi. Naye alipita mbele ya mlango ule miaka mitatu akienda kula.

Mtauliza, Basi tuchague masomo gani? Mtu asiyewajua hawezi kuwajibu, na anayewajibu wote jibu moja anauza kitu. Lakini naweza kuwaambia hali ya soko ilivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Sekretariati ya Ajira ilifanya usaili wa walimu. Nafasi zilizotangazwa hazikufika 15,000, nao walioomba walizidi 200,000. Fanyeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya watu 13 kwa kila nafasi moja. Nami nawasihi wazazi msikie hesabu hiyo kwa masikio mawili, kwa sababu bado wako wanaosema, Mwanangu akisoma ualimu amekwisha kupata kazi ya serikali. Ilikuwa hivyo zamani. Sasa hati ya ualimu humpa mtu haki ya kupanga foleni.

Na foleni si moja. Foleni ya Historia na ile ya Kiswahili ni ndefu sana, na ile ya Fizikia na Hisabati ni fupi, maana ziko shule ambazo mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa madarasa yote, na ziko ambazo Fizikia hufundishwa na mwalimu wa kuazimwa. Kijana mwenye uwezo wa sayansi akikimbilia sanaa kwa sababu rafiki zake wanne wamekwenda huko, amejiondoa mwenyewe foleni fupi akajiunga na ile ndefu. Nyumba nyingine bado husema ya kuwa Hisabati si ya wasichana. Neno hili limewanyima watoto wetu walimu wengi, na ningefurahi kama lisingesikika tena wilayani humu.

Lakini na upande wa pili usisahauliwe. Aliyepata F katika Fizikia asijilazimishe kwa kuwa amesikia kwamba kuna kazi. Kwanza hatapokelewa, na hata akipokelewa kwa bahati, atasimama mbele ya watoto arobaini au themanini akisoma kitabu kwa sauti, nao watamjua siku ya pili. Mtoto hudanganyika kwa mengi, ila hadanganyiki kwa mwalimu asiyejua somo lake. Kipimo changu ni hiki: lile somo ambalo wenzako hukujia jioni uwaeleze, nawe waweza kuwaeleza bila kukasirika, hilo lina dalili ya kuwa lako. Kisha litazame pamoja na alama zako, na pamoja na haja ya nchi, kwa utaratibu huo huo. Pengine utaona kwamba kuna njia ya katikati, kama Jiografia na Hisabati kwa aliyesoma EGM, ambayo wenzako hawakuifikiria. Tena kuna ualimu usiotajwa sana. Iko elimu maalumu, ya watoto wasioona au wasiosikia au wenye ulemavu wa akili, ambayo chuo cha Patandi kule Arusha kinajulikana kwayo. Iko sanaa, muziki na michezo, na kwa hayo Butimba, Mwanza, ina jina.

Mtu akibadili nia si aibu, mradi abadili mapema. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha shule ya St. Mary's, Tabora, na mkuu wa shule ile, Padre Richard Walsh, ndiye aliyemhimiza aende mbele. Alipofika Uingereza mwaka 1949 alianza kwa kusoma kidogo kemia na fizikia. Kisha mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akaandikishwa Edinburgh katika masomo ya sanaa, naye akapata shahada yake mwaka 1952. Angalieni wakati: aligeuka kabla ya kuandikishwa, hakugeuka mwaka wa tatu fedha zimekwisha. Tena alikuwa na mtu wa kumwuliza, ambaye alimjua na hakuona taabu kumwandikia.

Niwarudishe sasa katika ufalme wangu wa karatasi, nanyi mtanivumilia.

Mwezi wa Aprili 2017 ilitangazwa kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Sina haja ya kusema zaidi juu ya wenye kughushi. Nataka kusema juu ya wasio na hatia, ambao hupata taabu kwa ajili ya uzembe wa majina. Kijana ameandikwa Juma katika cheti cha kuzaliwa, akaandikwa Jumaa darasani na mwalimu aliyekuwa na haraka, akafanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la baba, na wa kidato cha sita kwa jina la babu, na kitambulisho cha taifa kina jina la ukoo. Kwenu nyumbani wote ni mtu mmoja. Mezani pangu ni watu watatu. Tazameni majina yenu leo, kabla Baraza la Mitihani halijapokea orodha, kwa kuwa kurekebisha herufi moja kabla ya mtihani ni kazi ya kalamu, na kuirekebisha baada ya cheti kutoka ni kazi ya mawakili, viapo na nauli za kwenda mjini.

Kadhalika chuo chenyewe. Vyuo vya kati husajiliwa na NACTVET, na vyuo vikuu na TCU, na orodha zao ziko wazi kwa kila mtu mwenye simu. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na masomo kadhaa ya vyuo vingine yakazuiwa pia. Chuo chaweza kuwa na ghorofa na bendera na wimbo wake, nacho hakina ruhusa ya kufundisha somo lile unalolitaka. Kwa hiyo usiulize tu kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama somo lako katika chuo hicho limeruhusiwa. Hayo ni maswali mawili tofauti, nao wanaotafuta wanafunzi kwa matangazo hupenda kujibu la kwanza kwa sauti kubwa.

Ukiisha kuingia, siku ya kwanza mjue mshauri wako. Nenda kwake na orodha ya masomo yako imeandikwa, wala usiende mikono mitupu ukasema, Nimekuja unishauri. Mwambie, Nataka kufundisha Kiswahili na Historia, haya ndiyo niliyojiandikisha, je, yanatosha? Kuna lililosahauliwa? Nikishindwa hili, lipi litazuilika mwaka ujao? Mshauri hawezi kujibu swali usilomwuliza, na mara nyingi yeye mwenyewe hufurahi kupata mwanafunzi aliyejitayarisha. Mwulize pia habari za mazoezi ya kufundisha, mapema, maana huko ndiko wengi hujigundua. Mtu aliyeandika andalio la somo zuri sana chuoni hufika darasani akakuta watoto wanne kwa kitabu kimoja, na somo lake limekwisha dakika ya kumi na tano. Afadhali ayajue hayo mwaka wa kwanza, angali na nafasi ya kujifunza, au hata ya kusema kwa heshima kwamba kazi hii si yangu.

Na ninyi walimu wetu mliopo hapa, nisamehewe kwa kusema mbele ya wakubwa zangu. Shauri la chuoni huchelewa ikiwa la shuleni halikutolewa. Mtoto wa kijijini hana mjomba aliye chuo kikuu wa kumpigia simu. Ana ninyi tu. Juma lile la kuchagua tahasusi, tafadhali msiwaachie fomu na kusema, Jazeni, kesho nazikusanya. Kaeni na kila mmoja dakika kumi, na matokeo yake mbele yenu. Darasa la watoto arobaini ni saa saba hivi kwa mwaka mzima.

Kwa wazazi nina neno juu ya binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito. Tangu mwezi wa Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana wa namna hii warudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Na aliyepitwa na umri aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti atakachokipata kinatoka Baraza lile lile la Mitihani. Tena kwa aliye kazini tayari, Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 humwezesha kusoma akiwa kwake. Ila na amwarifu mwajiri wake kwanza, apate ruhusa kwa maandishi, na nakala aiweke. Msimwache binti nyumbani kwa kudhani ya kuwa njia imekatika. Mimi nimezipokea karatasi za akina mama walioanza upya, na walizitunza katika mfuko wa nailoni kama mtu atunzavyo hati ya shamba.

Sina zaidi. Meza ile pale pembeni nimeiomba kwa Bwana Mkuu wa Shule mpaka saa kumi na moja. Aliyekuja na cheti cha kuzaliwa na matokeo yake na ayalete, tuyasome pamoja, herufi kwa herufi. Na mwalimu wa taaluma amekubali kukaa nami kwa wale wenye swali la tahasusi. Waanze wa kidato cha nne, kwa kuwa fomu zao ndizo za karibu.